Shangazi, mwanangu analala na kandambili miguuni

Shikamoo Shangazi,

Ninaandika kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Missenyi, mkoani Kagera. Ni mwisho wa Novemba 2016, mvua inanyesha kila siku, na bado tunalala chini ya turubai tuliyopewa baada ya tetemeko.

Tarehe 10 Septemba ilikuwa Jumamosi. Saa tisa na nusu alasiri hivi nilikuwa shambani na mtoto wangu mdogo wa miaka mitatu, na binti yangu mkubwa wa miaka 13 alikuwa mtoni. Baba yao alikuwa ameenda gulioni. Nyumbani alibaki mama mkwe na mwanangu wa kati, ana miaka minane. Bibi alimtuma dukani akanunue chumvi. Wakati yuko njiani ardhi ikatikisika, ukuta wa pembeni ukamwangukia bibi akiwa anamenya ndizi. Mtoto alirudi akakuta majirani wanaondoa tofali. Aliona miguu ya bibi yake kabla ya mtu kumshika na kumpeleka mbali. Chumvi alikuwa nayo mkononi hadi jioni.

Tulimwambia bibi amepelekwa hospitali Bukoba. Siku ya mazishi tulimwacha kwa jirani. Bibi amezikwa hapahapa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, lakini mtoto hajawahi kuuliza. Ila upande ule hapiti kabisa, hata ukimtuma kuchuma majani ya kufunikia chakula anazunguka mbali.

Tangu hapo analala amevaa kandambili. Ukimvua akiwa usingizini anaamka. Anakojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Haingii kwenye nyumba yoyote ya ukuta, na darasani anakaa dakika chache kisha anatoka mbio. Mchana anacheza na mdogo wake mchezo mmoja tu: wanajenga nyumba ya tope, anaitikisa mpaka ianguke, halafu wanaijenga upya. Mara moja tu tangu Septemba nimemsikia akicheka kwa sauti, usiku senene walipoanguka kwa wingi, tulipotoka wote na ndoo kuwafukuzia.

Baba yake alimchapa fimbo kwa kukojoa. Anasema ninamdekeza, kwamba mwanaume wa miaka minane hana haki ya kuogopa nyumba. Yeye mwenyewe usiku hulala kidogo, namsikia akizunguka kwenye kifusi. Ameshasafisha tofali za zamani na anataka kupandisha kuta kabla ya Krismasi, kwa tope lilelile na fundi yuleyule, ili tusionekane ombaomba wa turubai.

Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasema tumpelekee mtoto akae kwake mpaka nyumba iishe. Na kuna mama kutoka Mwanza, alikuja na watu walioleta nguo za msaada, amempenda binti yangu mkubwa. Anasema atamchukua na kumsomesha, tumpe jibu wiki ijayo. Binti alifanya mtihani wa darasa la saba wiki ileile ya tetemeko, na amefaulu. Mume wangu anaona ni bahati, mdomo mmoja utapungua.

Juu ya yote kuna ujumbe unazunguka kwenye simu kwamba tetemeko kubwa zaidi linakuja. Majirani wanasema ni adhabu ya Mungu. Shangazi, nishike lipi niache lipi?

Mama wa watatu, Missenyi

*

Marahaba mwanangu,

Poleni sana kwa msiba. Pole ya kwanza naomba umfikishie baba watoto, kwa sababu aliyelala kibanjani ni mama yake mzazi. Katika barua yako anachapa, anajenga, anazunguka usiku, ila hakuna mahali anapotajwa kama mfiwa. Nitarudi kwake. Ila kwanza mtoto.

Mwanao anajua kwamba bibi amefariki. Mtoto aliyeiona miguu ile, anayeona kaburi jipya kwenye kibanja cha nyumbani na kulikwepa, hangoji kuambiwa. Anachongoja ni kuona kama watu wazima wataweza kulitamka mbele yake. Kila siku mnayonyamaza anabaki peke yake na jambo hilo, na kichwa cha miaka minane kikiachwa peke yake hutunga maelezo ya kutisha kuliko ukweli. Watoto wa umri huo hujilaumu kwa vitu visivyowahusu kabisa. Mimi nawaza juu ya ile chumvi. Huenda amejiambia kwamba angerudi mapema, au asingekubali kutumwa, bibi angekuwa hai.

Kwa hiyo mwambieni, wewe na baba yake mkiwa pamoja, mchana, mahali pa wazi anapopapenda. Tumieni neno lenyewe. Msiseme bibi amelala au amesafiri, maana mtoto anayeogopa usiku mkimwambia kufa ni kulala mtamwongezea sababu ya kukesha. Semeni: "Bibi amefariki. Ukuta ulimwangukia siku ya tetemeko, akaumia sana, akafa siku ileile. Tulikwambia yuko hospitali kwa sababu tuliogopa kukuumiza. Hatukupaswa kukuficha." Kisha mlete jambo la chumvi hata kama yeye hajalitaja: "Bibi ndiye aliyekutuma. Ulifanya ulivyoambiwa. Hata ungekuwepo usingeweza kuuzuia ule ukuta, hata baba asingeweza." Baada ya hapo nyamazeni. Akilia, mshikeni. Akiuliza swali lilelile mara kumi, jibuni mara kumi kwa maneno yaleyale. Akinyanyuka akaenda kucheza kama hakusikia kitu, mwacheni, amesikia. Na msimlazimishe asimulie alichokiona. Watu wa afya ya akili waliacha zamani kuwashurutisha manusura wasimulie tukio zima, kwa sababu iligundulika haisaidii na wengine huwadhuru. Mlango uwe wazi, aingie mwenyewe atakapotaka.

Kaburini mpelekeni atakapokuwa tayari, si siku hiyohiyo kama hataki. Alinyimwa kumzika bibi yake, basi apewe kitu cha kumfanyia: apande ua pale, apalilie, mkaombe pamoja kama ilivyo desturi yenu.

Kuhusu adhabu ya Mungu, mzuie mtoto asiyasikie maneno hayo, na akiyasikia mkanushe mbele yake. Mweleze kwa lugha yake kwamba chini sana ya ardhi kuna miamba, nayo husukumana polepole kwa miaka mingi mpaka siku moja inateleza kwa ghafla. Safari hii iliteleza kilometa 40 hivi chini ya wilaya yenu, na mtikisiko wa ukubwa wa 5.9 ukafika hadi Uganda na Rwanda. Kagera iko jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ndiyo maana ardhi ya huko huweza kutikisika. Watu 17 waliripotiwa kufa, zaidi ya 400 wakaumia, nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka, na hata Ihungo na Nyakato, shule kongwe zilizosomesha wakubwa wa nchi hii, zilibomoka zikafungwa. Hakuna aliyetenda dhambi ya kuangusha vyote hivyo. Na huo ujumbe wa simu ufute. Duniani kote hakuna mtaalamu anayeweza kutaja siku wala saa ya tetemeko, kwa hiyo anayetaja tarehe anadanganya. Kilicho kweli ni kwamba baada ya tetemeko kubwa huja mitikisiko midogo inayozidi kupungua kadiri miezi inavyopita.

Ndiyo maana nakusihi usimwahidi mtoto kwamba haitatikisika tena. Ikitikisika kidogo tu usiku mmoja, atakuwa amempoteza na mama wa kumwamini. Mwahidi kitu unachoweza kukitimiza, yaani kwamba mtajua la kufanya. Mfanye zoezi kama mchezo, familia nzima. Ukiwa hatua chache kutoka mlangoni na nje kuna uwanja, toka, ukae mbali na kuta, nguzo za umeme na miti mikubwa. Ukiwa ndani sana, piga magoti chini ya meza imara, funika kichwa na shingo kwa mikono, subiri mtikisiko utulie. Chagueni mahali pa kukutania, labda chini ya mti fulani uwanjani. Kila mmoja akifika aite jina lake. Mpe yeye kazi ya kuhesabu watu. Mtoto aliyefika nyumbani akakuta mmoja amepungua anahitaji sana kuhesabu na kuona mmetimia.

Sasa kandambili. Mwache alale nazo! Huko Japani na California watu wanafundishwa kuweka viatu na tochi kando ya kitanda, kwa sababu wengi huumia miguu kwa vioo na misumari wakikimbia gizani. Mwanao amegundua hilo mwenyewe bila kufundishwa. Mwambie hivyo, mwambie amefikiri vizuri, halafu nyinyi nyote muanze kuweka viatu kando ya mahali mnapolala. Akiona viatu vya baba viko palepale kila usiku, ipo siku atazivua zake na kuziweka pembeni. Usimvue usingizini.

Kukojoa kitandani baada ya hofu kubwa ni jambo la kawaida mno, hata kwa watoto wa miaka kumi. Hakukojoa kwa makusudi, kwa hiyo fimbo haina cha kurekebisha, inaongeza hofu na mkojo unaongezeka. Tandika nailoni juu ya godoro au mkeka, chini ya shuka, apunguze vinywaji kabla ya kulala, atoke nje na mtu mzima mwenye tochi, na asubuhi shuka liondolewe bila hotuba wala kutangazwa mbele ya ndugu zake. Rudisheni utaratibu wa usiku mliokuwa nao: uji au chakula saa ileile, sala, hadithi. Bibi ndiye aliyekuwa akiwasimulia, nadhani. Basi simulieni hadithi zake yeye.

Mchezo wa nyumba ya tope usiukataze. Hivyo ndivyo mtoto anavyolitafuna jambo ambalo hana maneno yake. Na umeandika mwenyewe kwamba baada ya kuiangusha wanaijenga upya, hilo limenipa moyo sana. Siku mojamoja kaa nao, uulize kwa upole: watu wa nyumba hii wamekimbilia wapi? Nani amekuja kuwasaidia? Ungekuwa fundi ungeweka nini ili safari hii isimame? Ukiona wiki zinapita mchezo haubadiliki hata chembe na anautoka akiwa na hofu zaidi kuliko alivyouanza, hapo tutafute msaada, nitakueleza wapi.

Shule asiiache. Nenda umwone mwalimu wake, umweleze bila aibu, omba akae dawati la karibu na mlango na mlango ubaki wazi. Siku za kwanza kaa naye mpaka mapumziko, kisha upunguze. Nepali walipopigwa na tetemeko la Aprili 2015, nalo Jumamosi kama lenu, maelfu ya madarasa yalianguka yakiwa matupu. Shule zilifunguliwa tena mwishoni mwa Mei, nyingi zikiwa vibanda vya mianzi na maturubai, na siku za mwanzo watoto waliimba, wakacheza na kuchora kabla ya kurudi kwenye hesabu. Kama darasa la mwanao lina nyufa, mwalimu mkuu aulizwe limekaguliwa na nani. Mtoto anayekataa kuingia chini ya ukuta wenye ufa wa kupishana kama alama ya kuzidisha ana akili timamu, na asilazimishwe mpaka mhandisi wa halmashauri auone.

Dar es Salaam, hapana. Kaka yako ana nia njema na namheshimu, lakini mtoto huyu amepoteza bibi na nyumba, sasa tumpotezee mama, baba, ndugu zake na mahali penyewe? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watoto wa London walihamishiwa mashambani ili kuepushwa na mabomu. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliowalea watoto wa vita kwenye vituo vyao mjini humo, waliona kwamba wengi waliumizwa zaidi na kutenganishwa na mama zao kuliko na mabomu yenyewe. Mwombe kaka nauli aliyotaka kumlipia mtoto aitume, inunue saruji. Na yeye aje Krismasi awaone.

Hapo ndipo tunapofika kwenye nyumba. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu naamini nyumba hiyo ni sehemu ya dawa ya mwanao, na ikijengwa vibaya itakuwa sumu yake.

Mtu aliyesimama uwanjani tetemeko humwangusha tu, kinachoua ni ukuta na paa. Kuta zenu nyingi ni tofali nzito zilizoshikwa na tope, kona hazijafungamana, juu hakuna kinachozifunga, na pembeni kuna ile pembetatu ya tofali inayopanda hadi kwenye paa bila kushikwa na chochote. Hiyo ndiyo huanguka mwanzo. Nahisi ndiyo iliyomwangukia mama mkwe. Misonge ya wazee wa Kihaya ilikuwa ya miti, matete na nyasi, myepesi, ikitikiswa inanesa. Tulipohamia kwenye tofali tulichukua uzito wake tukaacha nondo zake.

Mume wako akipandisha kuta zilezile kwa tope lilelile, atakuwa amemjengea mwanawe mtego, na mtoto hataingia humo, na atakuwa na haki. Afadhali vyumba viwili imara kuliko vinne vya kuwafurahisha wapita njia. Tofali za zamani zilizo nzima zinafaa: zikwanguliwe tope lote, zilowekwe maji kabla ya kujengea kwa saruji. Kwenye kona tofali zipishane vizuri. Milango na madirisha yasiwe makubwa na yakae mbali na kona. Juu ya madirisha ipite lenta, yaani mkanda wa zege wenye nondo, izunguke nyumba nzima bila kukatika popote, maana hiyo ndiyo inayozishika kuta nne kama ugwe unavyoshika mzigo wa kuni. Fundi akikwambia lenta iwe juu ya madirisha tu ili kuokoa nondo, mkatae. Pembetatu za juu zizibwe kwa mbao au bati, si tofali. Kenchi zifungwe kwenye lenta. Mlango ufunguke kwa nje. Kama fedha ya nondo na saruji haipo kabisa, nyumba ya miti iliyofungwa vizuri na kukandikwa kwa udongo mwepesi, paa la bati, ni salama zaidi kuliko ukuta mzito usiofungwa, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Kabla ya kuanza mwiteni mhandisi wa halmashauri au fundi aliyesomea aangalie msingi wa zamani kama haujapasuka. Na Krismasi isiwe tarehe ya mwisho. Zege lililomwagwa kwenye mvua na kuharakishwa si zege.

Mwanao awe kwenye ujenzi huo tangu siku ya kwanza, kwa kazi ya kweli iliyo salama, mbali na kifusi na ukuta ambao haujakauka. Zege likishamwagwa linatakiwa kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa wiki nzima angalau, bila hivyo halikomai. Hiyo iwe kazi yake, na kopo lake, chini tu, na sehemu za juu amwagie baba huku yeye akimletea maji. Fundi amwoneshe nondo, amwache azishike, amweleze zinafanya nini. Achague upande wa kulala ulio karibu na mlango. Mtoto aliyeona kwa macho yake kilichowekwa ndani ya ukuta ataingia humo kwa wakati wake, kwanza kusimama mlangoni, kisha kula humo mchana, kisha kulala na wenzake. Msimsukume wala msimcheke.

Na baba yake. Huyu anayezunguka kwenye kifusi usiku anafanya kama mwanawe anayezunguka mbali na kaburi. Hakuwepo mama yake alipokufa, alikuwa gulioni, na huenda naye ana chumvi yake moyoni. Usimshambulie kwa habari ya fimbo mbele ya watoto. Mtafute wakiwa wamelala, anza na mama yake: mlikumbuke jambo lake moja zuri. Akiisha kulia, au hata akinyamaza tu bila kuondoka, ndipo umwambie umeniandikia na nimesema nini. Kama kuna mzee wa ukoo, padri, mchungaji au shehe anayemsikiliza, mwombe aje akae naye. Na akianza kutafuta usingizi kwenye gongo, usingoje mwaka uishe, nenda naye zahanati.

Wewe pia hujaandika hata mstari mmoja kuhusu usingizi wako. Tafuta mtu wa kumlilia, tena asiwe mtoto wako mkubwa.

Watoto wengi hupona baada ya balaa kama hili wakiwa na watu wao, ratiba yao na shule yao. Lakini imeshapita miezi miwili na nusu. Mkiishamwambia ukweli na kuyafanya haya, kisha mwezi mzima ukapita bado halali, hali chakula, hachezi, anakuwa mzito kama hayupo, au anasema anataka kumfuata bibi, usingoje. Hilo la mwisho hata likitokea kesho, nendeni siku hiyohiyo. Anza na afisa ustawi wa jamii wa wilaya au nenda hospitali ya mkoa Bukoba, uulize huduma ya afya ya akili. Wanaojitolea wa Msalaba Mwekundu wakipita kijijini waeleze nao. Na ukiwa na simu yoyote piga 116, ni namba ya taifa ya msaada kwa mtoto, haitozwi pesa.

Nimalizie na binti yako, kwa sababu yeye ndiye mwenye tarehe ya wiki ijayo.

Asiende. Sisemi huyo mama wa Mwanza ni mtu mbaya, simjui. Ila wewe pia humjui, na hiyo inatosha. Baada ya kila balaa kubwa hutokea watu wa kuchukua watoto, wengine kwa wema, wengine kwa biashara, na kwa macho hawatofautiani. Haiti, wiki chache tu baada ya tetemeko la Januari 2010, kundi la wageni lilikamatwa likijaribu kuvusha mpaka watoto 33 kwa maelezo kwamba ni yatima, kumbe wengi wao walikuwa na wazazi hai waliowatoa kwa ahadi ya shule. Kwetu mabinti wangapi wa darasa la saba wameondoka vijijini kwenda "kusomeshwa" mjini wakaishia kuosha vyombo alfajiri na kulala jikoni? Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na ipo sheria ya 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, lakini sheria haitamfuata Mwanza kama hakuna anayejua alipo.

Na kumsomesha kwa kitu gani hasa? Tangu Januari 2016 ada ya shule za serikali imefutwa hadi kidato cha nne. Binti amefaulu, atapangiwa shule, atasoma. Anachokosa ni sare, madaftari, viatu, taa ya kusomea na mahali pakavu pa kulala. Mpigie huyo mama simu, baba yake akiwepo, mumshukuru kwa moyo wake na mumwambie binti anabaki na wazazi wake. Kama bado anataka kusaidia, mtajie hivyo vitu kimoja kimoja. Avilete nyumbani, au avikabidhi kwa mwalimu mkuu wa shule atakayopangiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na apewe risiti. Akikubali, mmempata rafiki. Akikataa, au akianza kuwaharakisha, mpeni mtendaji wa kijiji jina lake na namba yake ya simu siku hiyohiyo.

Shangazi